Kilwa Iliyochorwa Köln

Nimerudi kutoka safari ya treni iliyonipitisha kusini mwa Ujerumani, ikafuata mto Rhein hadi Köln, ikaishia Antwerpen, Ubelgiji. Nilikwenda kuona mahali zilipotengenezwa picha za vitabu vya kale, hasa zile zilizowaonyesha watu wa Ulaya sura ya Afrika na ya Bahari ya Hindi kabla wengi wao hawajaota hata kuzifikia. Sisi tuliozaliwa pwani tumezikuta picha hizo katika vitabu vya shule na kwenye kuta za hoteli, zimewekwa kama ushahidi. Nilitaka kuwajua waliozitengeneza: aliyechora, aliyechonga, aliyetia rangi, na aliyewaletea habari za kwetu.

Nürnberg

Ngome ya Nürnberg imekaa juu ya mwamba wa mawe mekundu, na chini yake mapaa yameshuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni. Tarehe 2 Januari 1945 mabomu yaliuteketeza mji huu, na sehemu kubwa ya unachokiona leo imejengwa upya kwa uvumilivu mkubwa. Nyumba ya Albrecht Dürer, karibu na lango la ukuta chini ya ngome, iliponea chupuchupu. Sakafu za chini ni za mawe, za juu ni za boriti na udongo. Mchoraji huyo aliishi humo tangu 1509 hadi alipofariki mwaka 1528.

Ndani kuna chumba cha kuchapia. Mama mmoja wa makamo, aproni yake imejaa madoa ya wino, alikuwa akiwaonyesha wageni kazi. Alinipa kibao cha mpea nikishike. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na uso wake ulikuwa laini kama mfupa uliosuguliwa. Mchoro huwekwa juu yake kinyumenyume, kisha mchongaji huondoa kwa kisu kila kitakachokuwa cheupe, mistari ikabaki imesimama. Fundi wa milango ya nakshi wa Lamu angeielewa kazi hii bila kuelezwa, maana naye huchimba pembeni ili ua lisimame. Ila hapa mstari mmoja huweza kuwa mwembamba kama uzi, na kisu kikiteleza mara moja kazi ya wiki nzima imeharibika. Yule mama alipaka wino wa masizi na mafuta ya kitani, akalaza juu yake karatasi yenye unyevunyevu, akavuta mkono wa mtambo. Karatasi ilibanduka polepole, na nyuma yake niliweza kupapasa mistari kwa kidole.

Ukutani palikuwa na kifaru. Mwaka 1514 Sultani Muzaffar wa Pili wa Gujarat alimpa gavana wa Wareno kifaru, naye akampeleka kwa Mfalme Manuel wa Ureno. Jahazi lililombeba lilipumzika kidogo Msumbiji, kwa hiyo mnyama huyu maarufu wa Ulaya alipita kwenye maji yetu kabla ya kuuzunguka upande wa kusini wa bara. Alifika Lisbon tarehe 20 Mei 1515. Barua na mchoro vikatumwa Nürnberg, na kutokana na hivyo Dürer akachora kifaru ambaye hakumwona kwa macho yake. Alimvisha mabamba kama deraya ya askari, akampa magamba miguuni, akamwongezea pembe ndogo begani ambayo kifaru hana. Mnyama mwenyewe alizama mwanzoni mwa 1516 karibu na pwani ya Italia, akiwa njiani kupelekwa kwa Papa Leo wa Kumi kama zawadi. Picha haikuzama. Conrad Gessner aliiingiza katika kitabu chake cha wanyama cha mwaka 1551, wengine wakamfuata, na kibao chenyewe kikachapwa tena na tena kwa miaka mingi, hata matoleo ya mwisho yakatoka na ufa na vitundu vya wadudu. Ile pembe ya begani iliendelea kuonekana vitabuni hadi karne ya 18, alipoletwa Ulaya kifaru hai aitwaye Clara, mwaka 1741, akazungushwa miji mingi watu wamtazame.

Kwenye picha ile kuna herufi mbili za Dürer, A na D. Alama ya aliyekichonga kibao haimo. Nilisimama pale nikiwafikiria wachongaji wa mji huu, watu waliokuwa na ufundi uliohitaji miaka kuumudu, ambao tunakula matunda ya mikono yao bila kujua tuwashukuru kwa jina gani.

Kesho yake, katika jumba la makumbusho, niliona kitabu kikubwa cha historia ya dunia cha Hartmann Schedel, kilichochapwa mjini humu na Anton Koberger mwaka 1493. Kina picha 1,809 zilizotokana na vibao 645 tu. Hesabu hiyo ina siri yake. Kibao kimoja cha mji kilitumika kuonyesha Damascus, Ferrara, Milan na Mantua, kila mara juu yake pakiwekwa jina jingine kwa herufi za risasi. Wafalme nao waliazimana nyuso. Si kwamba watengenezaji, Michael Wolgemut na Wilhelm Pleydenwurff, walishindwa kuchora mji kama ulivyo, kwani Nürnberg yenyewe waliipa kurasa mbili zilizofunguka, na ukisimama nje ya ukuta leo bado unaitambua minara yake. Walichora vizuri walipopaona. Mahali pengine palitosha kuwa na ukuta, lango na mnara. Na pembezoni mwa dunia yao waliweka watu wenye vichwa vya mbwa na watu wasio na vichwa, wenye macho vifuani. Huko pembezoni ndiko tulikokuwa sisi.

Jioni nilinunua keki za asali ambazo mji huu unasifika kwazo. Ladha ilikuwa ya nyumbani kabisa: karafuu, iliki, mdalasini. Karafuu za enzi ya Dürer zilitoka visiwa vya Maluku, kwa sababu Zanzibar haikuwa na mikarafuu hadi mwanzo wa karne ya 19. Hata hivyo ni njaa ya viungo hivyo iliyowaleta Wareno kwetu, na pamoja nao, kama nilivyokuja kuona mji uliofuata, mafedha ya Wajerumani.

Augsburg

Augsburg ni mji wa mifereji na wa matajiri wa zamani. Matajiri hao, akina Fugger na akina Welser, waliwakopesha wafalme. Kitongoji alichokijenga Jakob Fugger kwa ajili ya mafukara, kilichoanzishwa mwaka 1521, bado kinakaliwa: nyumba za rangi ya manjano zimejipanga kwenye vichochoro safi, milango ya kijani, mimea ikitambaa ukutani. Kodi ya pango kwa mwaka ni senti 88 za yuro, na mkazi anatakiwa kuwaombea waanzilishi mara tatu kwa siku. Niliwakuta wazee wawili wamekaa benchi wakila keki ya plamu, mmoja akanikatia kipande bila kuniuliza nimetoka wapi.

Wafanyabiashara hao hao walitia fedha katika msafara wa Wareno wa mwaka 1505, chini ya Francisco de Almeida. Baadhi ya meli zilizosafiri nao ziligharimiwa na Wajerumani, na ndani yake alikuwamo wakala aitwaye Balthasar Springer. Mwezi Julai msafara huo uliivamia Kilwa, ukaipora, ukamweka mtawala mwingine na kuanza kujenga ngome ambayo magofu ya Gereza ya leo yanaikumbusha. Mwezi Agosti ukafika Mombasa. Watu wa Mombasa walipigana, na mji ukachomwa moto na kuporwa. Springer aliona. Aliporudi, habari zake zilichapwa katika kitabu mwaka 1509.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, Hans Burgkmair wa hapa Augsburg alikuwa ametoa picha ndefu ya vibao kadhaa vinavyofuatana, ikionyesha watu wa nchi za njiani: Guinea, kusini ya Afrika, Arabuni, India, na Mfalme wa Cochin akibebwa katika kiti chake. Nilipewa nakala yake kubwa mezani, nikaitazama kwa muda mrefu. Baada ya wale watu wa vichwa vya mbwa, macho yangu yalipata faraja. Burgkmair amechora mume, mke na watoto. Mama amembeba mwanawe, mtoto mwingine anacheza, na miili yao imechorwa kwa heshima ileile ambayo wachoraji wa wakati ule waliwapa Adamu na Hawa. Nasema bila kusita kwamba hii ni miongoni mwa picha za utu zaidi alizopewa Mwafrika katika uchapaji wa Ulaya wa karne hiyo.

Lakini hakuna kundi la watu lililopewa jina la Kilwa au la Mombasa. Miji miwili iliyoporwa katika safari ileile imerukwa. Hakuna moshi na hakuna maiti. Picha ilikusudiwa kuonyesha ukubwa wa dunia na utajiri uliokuwa ukisubiri, na mnunuzi wa Augsburg aliyeibandika ukutani hakuwa na njia ya kujua kilichoachwa.

Burgkmair huyu naye alichora kifaru mwaka 1515. Wake ana kamba miguuni, mwili wake unakaribia ukweli, na pembe ya begani hana. Nakala moja tu ya uchapaji huo imesalia, nayo iko Vienna. Yule wa Dürer, mwenye makosa, alienea duniani kote kwa sababu alikuwa na sura ya kusisimua na alama ya mtu mashuhuri. Jambo hilo limenisumbua safari nzima.

Mainz

Mainz nilipita haraka. Niliingia kanisa la Stephan kutazama vioo vya Marc Chagall, vinavyofanya hewa yote ya ndani kuwa ya buluu, kisha nikafuata nilichokijia.

Watu huja hapa kwa ajili ya mchapaji Gutenberg. Mimi nilitaka kumwona Erhard Reuwich, mchoraji wa Utrecht, ambaye mwaka 1483 alifuatana na Bernhard von Breydenbach, padri wa kanisa kuu la Mainz, kwenda Jerusalem, Sinai na Misri. Kitabu chao kilitoka hapa mwaka 1486. Huyu alikuwa amekwenda mwenyewe na kalamu mkononi, jambo lililokuwa geni. Picha yake ya Venice ni karatasi zilizounganishwa, ukiikunjua inafika kama mita moja na nusu. Humo mna alfabeti ya Kiarabu iliyochongwa kwenye mbao, na ukurasa wa wanyama wenye twiga na ngamia. Katikati ya wanyama hao wa kweli amesimama farasi mwenye pembe moja wa hadithini, na maandishi yanadai kwamba wote wameonyeshwa kama walivyoonekana katika Nchi Takatifu. Hata msafiri mkweli alikuwa na wasomaji wa kuwaridhisha.

Köln

Kutoka Mainz reli inauandama mto. Upande huu mizabibu imeng'ang'ania miteremko mikali, upande ule magofu ya ngome, na katikati mashua za mizigo zimejaa hadi maji yanakaribia kuingia. Kisha milima inalala, na mbali unaiona minara miwili myeusi ya kanisa kuu la Köln. Ujenzi wake ulianza mwaka 1248 na kukamilika mwaka 1880. Katika karne ya 16 mnara mmoja ulikuwa gutu, na juu yake kreni ya mbao ya mafundi.

Chini ya gutu hilo padri Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walianza mwaka 1572 kutoa kitabu cha miji ya dunia, ambacho kilifikia majuzuu sita mwaka 1617, chenye picha zaidi ya 500. Katika chumba cha wasomaji wa maktaba niliwekewa juzuu ya kwanza juu ya mto wa povu. Nilifunua taratibu. London, Paris, Cairo. Halafu nikafika.

Ni karatasi moja pana yenye miji minne. Juu, kwa upana wote, Aden na milima yake. Chini, ubavu kwa ubavu, Mombasa, Kilwa na Sofala. Nakala ile ilitiwa rangi kwa mkono: bahari ya kijani hafifu, mapaa mekundu. Moyo ulinienda mbio, sioni haya kusema hivyo. Nilianza na Mombasa, na jicho la mtu wa Mombasa hutafuta Fort Jesus kwanza. Haimo, na haikuweza kuwamo, maana Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Nikaenda Kilwa. Minara na nyumba zimebanana kama mji wa Ulaya uliohamishiwa pwani ya joto. Nilitafuta msikiti mkuu na kuba zake, nikatafuta dalili yoyote ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali la bahari. Sikuona kitu ambacho mvuvi wa Kilwa Kisiwani angekitambua.

Njia iliyoifikisha picha hii hapa inajulikana kwa sehemu. Braun alimshukuru mfanyabiashara wa Köln, Constantin van Lyskirchen, aliyempatia michoro ya miji ya Asia na Afrika, na chimbuko la michoro hiyo linaelekea kwa Wareno. Kwa hiyo palikuwa na mtu melini aliyechora mji kutoka baharini, akitazama kwa jicho la mtu anayepanga kutia nanga au kushambulia. Mchoro ukanakiliwa, ukasafiri, ukafika kwa mchongaji ambaye minara aliyoijua ni ya Mechelen na Köln. Kila mkono uliongeza kidogo na kupunguza kidogo. Na habari ilikuwa imezeeka: kufikia mwaka 1572 Kilwa haikuwa tena bandari tajiri aliyoisifu msafiri Ibn Battuta mwaka 1331.

Braun aliwaomba wasomaji ambao miji yao haikuwamo wamtumie picha, naye angezitia katika juzuu zijazo. Ulaya iliitikia. Hebu fikiria mji kama Pate au Lamu ungekuwa na mtu wa kumtumia mchoro!

Tena mbele ya miji mingi kitabuni wamesimama watu waliovaa mavazi ya mahali hapo. Braun alieleza sababu yake: aliamini kwamba Waturuki, kwa kuwa dini yao inakataza sanamu za watu, hawatathubutu kuitumia ramani yenye picha ya mtu katika vita. Alichora watu kama kinga. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa na naona inasema mengi kuhusu jinsi kitabu hiki kilivyojua kwamba picha ya mji ni silaha pia.

Nilitoka maktabani alasiri nikala mkate mweusi wa rai wenye kipande kinene cha jibini, kitunguu na haradali, nikautazama mto. Siilaumu karatasi ile. Ni kazi nzuri ya mikono, na kuwamo kwa miji yetu mitatu kando ya Aden kunathibitisha kwamba jina la pwani hii lilikuwa na uzito katika meza za wafanyabiashara wa Köln. Ninachokilaumu ni desturi yetu ya kuichapa tena katika vitabu vya historia na kuandika chini yake "Kilwa katika karne ya 16", basi. Iandikwe: ilichongwa Köln, mwaka 1572, na watu ambao Kilwa hawakufika.

Antwerpen

Hogenberg alikuja Köln kwa kukimbia. Alikuwa amefanya kazi Antwerpen, na utawala wa mkono wa chuma wa Mtawala wa Alba, mwakilishi wa Mfalme wa Hispania, ulimfanya ahame. Mimi niliifuata njia yake kinyume. Reli ikaingia nchi tambarare, mashamba ya mboga, ng'ombe weupe, mbingu pana.

Njaa ilinipeleka kwenye mkahawa mdogo wa Mkongomani nyuma ya kituo cha treni. Niliagiza kwa Kiswahili baada ya kumsikia mwenye mkahawa akizungumza kwenye simu. "Karibu, papa," akasema, "bukari iko, sombe iko." Lubumbashi na Mombasa zikakutana Antwerpen juu ya sahani ya kisamvu, na hakunikubalia nilipie chai.

Jumba la Plantin-Moretus linatazama kiwanja cha soko la Ijumaa. Christophe Plantin, Mfaransa, alianzisha biashara yake ya uchapaji mjini humu mwaka 1555, na ukoo wake ukaiendesha hadi karne ya 19. Mwaka 1876 waliuuzia mji nyumba pamoja na vyote vilivyokuwamo. Ua wa ndani una mzabibu wa zamani unaopanda ukutani. Katika chumba cha kuchapia imo mitambo miwili ya karibu mwaka 1600, ambayo ndiyo ya zamani kuliko yote iliyobaki duniani. Mbao zake ni nyeusi, na mahali mikono iliposhika zimeng'aa.

Hapa ndipo nilipoelewa tofauti ya mbao na shaba. Kibao cha mbao hukaa pamoja na herufi za risasi, kikachapwa kwa mvuto mmoja. Bamba la shaba huchimbwa mistari, wino huingia mashimoni, uso hufutwa kabisa, na karatasi hukandamizwa kati ya magurudumu mazito ya mtambo mwingine. Kwa hiyo ukurasa wenye maandishi na picha ya shaba ulipita mitamboni mara mbili, na gharama ikapanda. Plantin aliipenda shaba kwa sababu ya mistari yake myembamba, lakini hakuwa na mtambo wa magurudumu nyumbani. Kazi hiyo ilipelekwa nje, na miongoni mwa walioifanya ni mwanamke, Mynken Liefrinck, ambaye karakana yake ilichapa picha za shaba na kuzitia rangi. Jina lake limesalia katika daftari za hesabu, kwa kuwa alilipwa. Msomaji aliyefungua kitabu hakuliona.

Jumba lina vibao vya mbao vipatavyo 14,000. Vingi ni vya mimea, vilivyochorwa na Pieter van der Borcht kwa ajili ya vitabu vya wataalamu kama Dodoens na Clusius. Nilisogeza uso karibu na kioo. Jani la mmea lilikuwa limesimama juu ya mti, kila mshipa wake ukingo mwembamba, weusi wa wino wa miaka 400 na zaidi umeganda kwenye kona. Nyuma ya kibao mtu ameandika jina la mmea kwa mkono. Vibao hivi havikutulia. Vingine vilinunuliwa kwa mjane wa mchapaji, vikahama kutoka kitabu cha mtaalamu mmoja hadi cha mwingine, vikavuka bahari hadi London kuchapa toleo la mwaka 1633 la kitabu cha mitishamba cha John Gerard, kisha vikarudi makabatini. Ukikuta picha ya ua katika kitabu cha kale, usidhani mwandishi alilichora ua alilokuwa akilieleza. Huenda alikodisha.

Tangu mwaka 2020 jumba hilo limeweka picha za vibao hivyo kwenye mtandao, na yeyote anaweza kuzipakua bure kwa ubora wa kuchapa. Mwalimu wa sanaa wa Kilwa Masoko au wa Malindi anaweza kuzifungua leo, akawafundisha watoto kuchonga kibao cha mwembe kwa mfano ule, wachore msikiti mkuu wa Kilwa kama unavyosimama. Nawaomba walimu wafanye hivyo, na chini ya kila kazi waandike jina la aliyechora, la aliyechonga, na mahali ilipochapwa.